Mizula ya rangi za shule

Najua nimepotea wiki kama tano hivi, na wengine mlishaanza kusema jamaa kadisko. Sijadisko, niko hai, na mtihani wa saikolojia ya elimu nimepita (kwa kudra, lakini nimepita). Nilikuwa bize na kitu ambacho nusu ya darasa imeshaniona nakifanya pale kwenye vimbweta na kila mtu ana swali lilelile: "We dume zima unafuma nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo najibu wote kwa mpigo, halafu atakayeniuliza tena nitamfumia domo. Kwi kwi kwi.

Nafuma mizula. Na skafu chache, lakini hasa mizula. Inakwenda kwa wagonjwa wa saratani, wale waliopukutika nywele kwa ajili ya dawa.

Kwanza niwatoe ushamba kuhusu hili la mwanaume na kufuma. Mimi ni wa Njombe. Kwetu Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na mtoto asiyekuwa na sweta hafiki shule. Mama yangu amesomesha watoto wanne kwa mashine ya kufuma masweta ya shule: bluu, maruni, kijani, kijivu. Sisi wote, wa kike na wa kiume, tulikuwa tukitoka shule tunapewa mikono ya masweta tuiunganishe, na wakati wa likizo tunafuma mizula ya kuuza stendi. Sindano zenyewe ni spoku za baiskeli. Unaikata, unaisugua ncha kwenye jiwe mpaka iwe butu, basi, sindano hiyo. Kwa hiyo wakati nyie mnajifunza kucheza gemu mimi nilikuwa natafuta mshono ulioponyoka. Mbona mafundi cherehani wa Kariakoo wengi ni wanaume na hamuwacheki?

Haya, tuje kwenye habari yenyewe.

Mwaka 2024, mwezi wa saba, Mama alifanyiwa upasuaji wa titi. Baada ya hapo akaletwa Dar kwa ajili ya dawa, pale Ocean Road. Wengi wenu mnapita pale mkienda kupunga upepo ufukweni na hamjui kama lile jengo la zamani lenye minara ni la Wajerumani, lilifunguliwa mwaka 1897 kama hospitali yao. Taasisi ya Saratani kama tunavyoijua leo imeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Siku hizi Bugando na KCMC nako wanatibu saratani, lakini kwa mtu wa kwetu njia iliyozoeleka bado ni basi la usiku mpaka Dar. Mama akafikia kwa mama mkubwa, Mbagala. Mimi nikawa ndiye msindikizaji, maana ndiye mtoto pekee niliyeko huku. Kila wiki ya tatu natoroka vipindi viwili vya asubuhi, daladala mpaka Ubungo, mwendokasi mpaka Kivukoni, halafu naambaa na bahari.

Dawa za kwanza kuna moja ni nyekundu kabisa, kama juisi ya rozela. Inaitwa doxorubicin. Sista alimtahadharisha kabisa kwamba akienda haja ndogo ataona nyekundu asishtuke, si damu, ni dawa inatoka. Na akamwambia nywele zitaanza kutoka kwenye wiki ya pili au ya tatu. Kisa chenyewe ni kwamba dawa hizi zinawinda seli zinazogawanyika haraka haraka. Seli za saratani ziko hivyo, ila na zile za kwenye mizizi ya nywele ziko hivyo pia, na za mdomoni, na za tumboni. Dawa haichagui. Ndiyo maana mtu anapata vidonda mdomoni, anaharisha, na kichwa kinakuwa kama cha mtoto aliyenyolewa arobaini.

Mama alikuwa amesukwa twende kilioni kabla ya kuja. Siku ya kumi na saba mstari mmoja ukatoka mzimamzima, amekaa tu anakunywa chai. Akauweka mezani, akautazama, akamalizia chai. Halafu akamwambia mama mkubwa alete wembe. Mimi sikuwepo, nimehadithiwa. Niliyoyakuta Jumamosi ni Mama ana kichwa cheupe na amevaa mzula wa maruni aliokuja nao kutoka nyumbani, wa kufuma kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna watu humu watasema Dar joto hili mzula wa nini. Na mimi niliuliza. Lakini nywele zile zinashika hewa na kukuwekea joto bila wewe kujua, na mtu anayepigwa dawa damu inapungua, anasikia baridi wakati wewe unavuja jasho. Usiku feni ikipiga kwenye kichwa kitupu ni shughuli. Halafu tuseme ukweli, si baridi tu. Mwanamke wa miaka 50 na kitu anapanda daladala ya Mbagala, kila jicho liko kichwani kwake. Mwanaume akiwa na kipara hakuna anayejali, siku hizi ni fasheni hata. Mwanamke anaulizwa, "Mama pole, umefiwa?"

Sasa sikilizeni hili. Mama amefuma mizula zaidi ya miaka 30. Wa kwetu unafumwa kwa sindano mbili, unatoka kama kitambaa cha mstatili, unakusanya juu kwa uzi na kufunga fundo, kisha unashona ubavuni kwa nyuma. Hivyo ndivyo alivyomfundisha mama yake, hivyo ndivyo alivyotufundisha. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika, kwa sababu wateja wote walikuwa na nywele! Wiki ile ya kwanza ya upara akaniambia, "Baba, huu mzula unanichoma." Ule mshono wa nyuma ukilalia kichwa kisicho na unywele hata mmoja ni kama umelalia kamba. Na lile fundo la juu lilikuwa linamwachia alama. Akauvua, akaufumua wote pale pale kwenye mkeka, akasema tutafute namna ya kufuma mviringo usio na mshono.

Hapo ndipo likaja tatizo ambalo sikulitarajia. Baada ya dawa nyekundu raundi nne, akahamishiwa nyingine, paclitaxel. Hii nayo ina tabia yake: inagusa mishipa ya fahamu ya ncha za vidole vya mikono na miguu. Vidole vinakufa ganzi, au vinachomachoma kama umekaa vibaya. Kwa mtu mwingine labda angedondosha kikombe mara mbili tatu akazoea. Kwa Mama vidole ni mtaji. Ada yangu ya form five na six ilitoka kwenye vidole vile. Siku moja nikamkuta ameshika spoku, uzi umemteleza, mishono imetoka kama ishirini, na hakuwa na habari. Hakuuhisi ukitoka. Aliniangalia tu. Yule mama si mtu wa kulia, na hakulia. Akanipa spoku, akasema, "Fuma wewe, mimi nikuelekeze."

Basi ndiyo chanzo, wadau. Hakuna NGO, hakuna mradi, hakuna mfadhili.

Tukaanza na spoku tano. Nne zinashika mishono kwenye mraba, ya tano ndiyo inayofuma. Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 55 au 56, lakini mzula lazima uwe mdogo kidogo ili ushike, na kumbuka kichwa chenyewe hakina nywele za kujazia. Kwa uzi mwembamba wa pamba na spoku zile nyembamba tukafika kwenye mishono 144. Hapo nikaiona raha ya kusoma Hisabati: 144 unagawa kwa nne, 36 kila spoku. Chini unafuma miwili mbele miwili nyuma ili uvutike kama kola ya sweta. Ukifika juu unapunguza mishono 8 kwa mzunguko, mzunguko mmoja unapunguza mmoja unaacha, unatoka 144 mpaka 8 kwa mizunguko 17 ya kupunguza. Ile 8 ya mwisho unapitisha uzi, unavuta, ncha unaificha upande wa nje, si wa ndani. Upande wa nje! Mama amenisisitizia hilo kuliko hata kusali. Kinachopendeza kwa nje kikikwaruza ndani hakina maana kwa mtu huyu.

(Nikienda TP mwezi wa saba somo la duara na mfuatano namba nafundisha kwa mzula. Msimamizi wangu ajiandae.)

Wa kwanza ulinichukua jioni tisa. Sasa hivi naumaliza kwa jioni nne au tano, kama hakuna test.

Mama akawa anauvaa akienda kliniki. Pale benchi la kusubiri ni mahali pa mazungumzo kuliko hata cafeteria, maana mnakaa hapo tangu alfajiri. Dada mmoja kutoka Kigoma akaushika, akauliza umenunua wapi. Mama akajibu, "Kanifumia huyu, mwalimu." Wiki ya tatu yake nikapewa oda nne. Mama ndiye aliyeziandika, mimi sikuulizwa, na ndiye aliyesema hakuna kulipa.

Nikawatafuta watu. Dada wawili wa darasa letu wanajua kroshia za vitambaa vya makochi, jamaa mmoja wa block ya pili ambaye sitamtaja maana bado anajificha (we njoo tu, tumeshakuona), na mama mmoja anayeuza matunda pale getini ambaye anafuma kuliko sisi wote. Tunakaa vimbweta vya upande wa maktaba Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka mbu watufukuze. Mpaka wiki iliyopita tumepeleka mizula 43 na skafu 9.

Kabla ya kupeleka tulikwenda kumwona sista wa zamu kwanza. Nashauri yeyote anayetaka kufanya kitu kama hiki aanzie hapo, si kujitokeza tu na fulana zilizoandikwa na kamera. Yule mama alitupa darasa la dakika ishirini ambalo sijapata Yombo mwaka mzima. Kwamba siyo kila mgonjwa pale ananyonyoka nywele. Wengi wa kina mama wana saratani ya shingo ya kizazi, ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na tiba yao kubwa ni mionzi ya nyonga. Mionzi inaondoa nywele pale inapopiga tu, na ile dawa wanayoongezewa, cisplatin, mara nyingi haimalizi nywele za kichwani. Kwa hiyo usimvike mtu mzula eti kwa kuwa umemkuta Ocean Road. Muulize. Kwamba aliyepigwa mionzi ya shingo asipewe skafu ya kukwaruza, ngozi yake hapo imekuwa kama imeungua, akitaka apate kitambaa laini cha pamba na asikifunge. Kwamba kila kitu kifuliwe kabla, kisuuzwe mpaka maji yatoke meupe, na msiweke yale maji ya kunukia! Mtu aliyepigwa dawa harufu ya marashi tu inamtapisha. Na hakuna kupiga picha mgonjwa. Hilo la mwisho nilitamani amwambie kila mtu wa Dar.

Watoto wengi hawako pale, wako Muhimbili. Mizula midogo tuliipeleka huko. Sentimita 50 kwa mtoto wa miaka mitano, hakuna kamba za kufunga kidevuni, maana kuna watoto wana ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa Uganda. Ya watoto sitasimulia zaidi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Tatizo kubwa ni uzi. Uzi wa pamba laini ndio unaofaa kwa joto hili, wa sufu unachoma kichwa kitupu, na ule wa plastiki ni laini ila unatoa jasho. Sasa nenda Kariakoo utafute uzi wa pamba wa kufumia. Upo, lakini bei imechangamka, na lebo inasema Uturuki. Jiografia ya form three tulikaririshwa pamba Shinyanga, pamba Simiyu, pamba Mwanza, na kweli inalimwa, lakini sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa bado pamba. Kisha mimi na boom langu tunainunua ikiwa uzi. Wachumi mtatueleza.

Kwa hiyo mizula mingi ya mwanzo tulifuma kwa masalia ya Mama, mabunda ya masweta ya shule. Si wa pamba, ila Mama huwa anachagua laini. Ndiyo maana ukipita pale benchini utaona kina mama wamekaa bluu, maruni, kijani, kama paredi ya shule za sekondari. Bibi mmoja alikuwa mwalimu, amestaafu. Nilimpa wa kijani, akautazama, akasema, "Shikamoo yako nimeipokea, lakini hii ni rangi ya shule niliyofundisha miaka 22, sitaivaa tena, nipe ya maruni." Benchi zima likacheka. Mwingine akakataa moja kwa moja: "Mwanangu, mimi nina kanga zangu, ahsante. Nikivaa hiyo watajua." Ni kweli. Kofia inaficha kichwa na wakati huohuo inatangaza. Tangu siku hiyo tunabeba na vitambaa vyembamba virefu vya kujifunga kilemba, anayetaka avae anavyovaa siku zote.

Sasa kuna hoja nyingine, nayo imetugawa hata sisi tunaofuma. Roommate wangu anasoma uchumi. Ana mdomo lakini ana akili. Usiku mmoja mimi nafuma, yeye anapiga msuli, akaniambia, "Mwanangu, yule mama wa Kigoma anakosa raundi ya dawa kwa sababu hana nauli ya kurudi Dar, nyie mnampelekea kofia. Uzi mnaonunua ni nauli ile."

Nilimkasirikia siku mbili. Lakini ni kweli yule dada alikosa raundi. Tarehe yake ilipita, Mama akamsubiri benchini, hakuja. Alikuja wiki tatu baadaye, amekopa. Dawa hizi zina ratiba yake, ukiruka unaupa ugonjwa nafasi. Kwa hiyo hoja ya Mchumi siwezi kuitupa kwa kusema "kila mtu anatoa alichonacho". Hilo ni jibu la kwenye kadi.

Nilichomjibu ni hiki: pesa ya uzi, sawa, ni nauli. Lakini jioni zangu tano si nauli, hakuna basi linalopokea jioni. Akasema basi uza mizula upate nauli. Mjadala ukahamia vimbweta, watu karibu wagombane. Mama wa matunda akasema mzula wa mgonjwa hauuzwi. Dada mmoja akasema kwa nini usiuzwe kama unampandisha mwenzake basi. Tulipofika ni hapa: mzula wa pamba ni wa mgonjwa, hauuzwi. Ule wa masalia ya sweta tunauza kwa nyie mnaokwenda TP Njombe, Lushoto, Mbulu na Makete mwezi wa saba, maana nawajua, mtaondoka na fulana za mikono mifupi na mtalia. Pesa inaingia kibubu, na kibubu anakaa nacho Mchumi mwenyewe. Mpaka leo kimelipa nauli za kurudi kliniki za watu watatu. Watatu si wengi. Mchumi kila nikimaliza mzula ananikumbusha kwamba ni watatu.

Mama alimaliza dawa mwezi wa pili mwaka 2025, akapigwa mionzi, akarudi Njombe. Nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto na zimekuja za kijivu, anasema hazijui ni za nani. Vidole bado. Daktari alisema ganzi huwa inapungua polepole kwa miezi, kwa wengine haiishi yote. Mashine ya masweta anaiendesha mdogo wangu, Mama amekaa pembeni anatoa amri. Jumapili iliyopita kwenye simu akaniambia ameshika spoku tena, ameanzisha mishono 144, amefika mzunguko wa sita kwa siku mbili. Nikamuuliza anaihisi? Akasema kidole cha shahada hakihisi, anaangalia kwa macho. Halafu akaniuliza bunda la maruni limebaki ngapi, nikasema mawili, akasema ninatumia uzi kama mtoto wa waziri.

Ametuma mzigo na basi la leo usiku, linaingia stendi ya Magufuli alfajiri. Mabunda sita, mzula mmoja wa kuanzia aliofuma nusu ili nimalizie juu, na mahindi mabichi ambayo kwa yakini Mchumi atayala yote. Saa kumi na moja nipo Mbezi. Anayekuja na mimi anigongee, mzigo ni mzito. Na wale wa oda za TP, rangi zilizopo ni bluu na kijivu tu. Maruni msiombe.